Shilingi ya Nyumba Yako Kabla Haijafika Dodoma

Mheshimiwa Diwani, wenyeviti wa mitaa, watendaji, wazee wangu, akina mama wenzangu na vijana wote mlioacha shughuli zenu asubuhi hii: mugonile. Wale waliotoka Iringa na Mafinga nawaona pale nyuma, kamwene.

Niliombwa nizungumzie mambo mawili, yaani jinsi Bunge linavyokagua matumizi ya mikoa na halmashauri, na hali ya makazi hapa kwetu Mbeya. Nilipokaa kuandika nikaona kwamba kwangu mimi hayo ni jambo moja, kwa sababu maisha yangu ya kazi yamepita katikati yake. Baba yangu alikuwa fundi wa reli pale Iyunga, enzi TAZARA ni mpya na mabehewa yake yananukia rangi. Mimi nikaajiriwa kuwa mhasibu wa halmashauri mwaka 1986, miaka michache tu baada ya serikali za mitaa kurudishwa. Nimestaafu mwaka 2023. Kwa hiyo ninayoyasema leo nimeyaona nikiwa upande wa meza yenye mihuri, kisha nikayaona tena nikiwa mama mwenye nyumba asiye na hati ya kiwanja.

Nianze na umeme. Ukinunua LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, kwa mara ya kwanza katika mwezi, unakatwa shilingi 1,500. Hiyo ni kodi ya jengo. Wengi wetu tunaiona kwenye ujumbe wa simu, tunanung'unika, tunaingiza tarakimu kwenye mita na maisha yanaendelea. Zamani kodi hii ilikusanywa na halmashauri yenyewe. Mwaka 2016 ikahamishiwa Mamlaka ya Mapato, TRA. Agosti 2021 ikaingizwa kwenye LUKU kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Kwa mwaka ni shilingi 18,000 kwa nyumba ya kawaida. Kisheria mlipaji ni mwenye nyumba, lakini mita iko kwa mpangaji, na anayekatwa ni yule binti aliyepanga chumba kimoja Ilomba, anauza maparachichi kituoni, anayenunua umeme wa elfu tano. Mwenye nyumba anayempunguzia kodi ya chumba kufidia makato hayo anafanya haki, na ninawashukuru wachache ninaowajua wanaofanya hivyo.

Sasa pigeni hesabu pamoja nami. Tuseme mtaa una nyumba 400 zenye umeme. Mara 18,000, ni shilingi 7,200,000 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu mtaa huo mmoja umechangia zaidi ya milioni 21. Mwaka 2021, Serikali ilipojenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa fedha za mapambano ya UVIKO-19, kila darasa lilitengewa milioni 20. Kwa hiyo mtaa wenu, kupitia makato yasiyo na kelele ya LUKU, umetoa thamani ya darasa zima. Ninawapa hesabu hii ili yeyote atakayewaambia kwamba mambo ya ukaguzi ni ya wasomi wa Dodoma mmwoneshe ujumbe wa simu.

Fedha hizo zikishatumika, nani anaangalia?

Katiba yetu, Ibara ya 143, imemweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG. Aliyepo ni Charles Kichere, na watu wa Nyanda za Juu Kusini mnamkumbuka kwa sababu kabla ya kushika nafasi hiyo Novemba 2019 alikuwa Katibu Tawala wa Mkoa jirani wa Njombe. Wakaguzi wake wanakagua mkoa na wanakagua halmashauri, lakini hizo ni njia mbili, na hapa watu wengi wanachanganya. Mkoa ni mkono wa Serikali Kuu. Mkoa wa Mbeya katika vitabu vya bajeti ni Fungu 78, Iringa ni Fungu 73, na anayejibu kwa fedha hizo ni Katibu Tawala. Hesabu hizo Bunge linazipitia kwenye Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC. Halmashauri zetu saba za Mbeya, yaani Jiji, Mbeya Vijijini, Rungwe, Busokelo, Kyela, Mbarali na Chunya, zinajibu kwenye kamati nyingine, ile ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC. Anayejibu huko ni Mkurugenzi. Kwa hiyo ukiwa na swali la barabara ya mtaa ukalipeleka kwa Mkuu wa Mkoa peke yake, utasikilizwa kwa heshima, utapigiwa makofi kwenye mkutano, na swali lako halitaandikwa mahali ambapo Bunge litalisoma.

Tena kuna suala la muda. Hili naomba mlishike, kwa sababu ndilo lililonifanya nikubali kuja. Mwaka wa fedha unaisha tarehe 30 Juni. Halmashauri ina miezi mitatu ya kufunga vitabu. CAG anakagua, anamkabidhi Rais taarifa mwishoni mwa Machi, na inawekwa mezani bungeni katika mkutano unaofuata, kwa kawaida Aprili. Kamati zinakaa na taarifa hiyo miezi kadhaa, zinaita wahusika, ndipo Bunge linajadili. Chukua shilingi iliyoliwa Agosti 2022. Inaonekana kwenye kitabu cha CAG Aprili 2024. Inajadiliwa bungeni baadaye zaidi. Katika muda huo mkurugenzi amehamishwa, fundi amemaliza kazi mbovu na kwenda zake Tunduma, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi hakumbuki tena mifuko ilikuwa mingapi. Nchi ina halmashauri 184 na kamati ni moja. Haiwezi kumwita kila mtu kila mwaka.

Niliwahi kuwa miongoni mwa walioitwa. Sitaitaja halmashauri, na waliokuwepo wengine ni marehemu. Tulijiandaa wiki tatu. Ofisi nzima iliacha kazi nyingine, tukawa tunatafuta viambatisho, vocha, hati za kupokelea vifaa, mihutasari ya vikao. Hoja moja ya ukaguzi ilihusu nyumba ya mtumishi iliyolipwa hadi hatua ya kuezeka, na kwenye eneo palikuwa na msingi na kozi nne za tofali. Nilipewa kazi ya kuandaa jibu. Nikaandika kama tulivyozoea kuandika: "Utekelezaji unaendelea na uko katika hatua nzuri." Nikaambatisha picha ya jengo lingine lililofanana. Mjumbe mmoja wa kamati aliitazama picha ile, akauliza kama mti ule mkubwa nyuma ya jengo upo kweli pale. Hakuna aliyemjibu. Mimi nilijua mti ule uko wapi, kwa sababu niliwahi kukaa kivulini mwake siku ya malipo ya kazi tofauti kabisa. Nilinyamaza. Nimeishi na ukimya ule kwa miaka mingi, na leo nausema mbele yenu kwa sababu siwezi kuwaomba muandike kweli huku mimi nikiificha ya kwangu.

Nilichojifunza siku ile ni kwamba mbunge yule hakuwa na mtu wa kumuuliza. Angekuwa na barua moja tu ya mkutano wa kijiji, karatasi moja yenye mhuri inayosema "nyumba ya mwalimu imeishia kozi nne, tarehe fulani", picha yangu isingepita mlangoni. Kamati ilikuwa na akili, ilikuwa na mamlaka, ilikosa macho kijijini.

Na msidanganywe na neno hati safi. Kila mwaka mnasikia halmashauri imepata hati inayoridhisha, watu wanashangilia, keki inakatwa. Hati ile inasema kwamba vitabu vya hesabu vimeandaliwa kwa viwango vinavyokubalika na vinaonesha hali ya fedha ilivyo. Ni jambo jema, mimi mwenyewe nimekesha kuitafuta. Lakini halmashauri inaweza kuandika vizuri kabisa kwamba imenunua mifuko 600 ya saruji kwa bei ya juu kuliko duka la jirani, ikaambatisha risiti zote, na ikapata hati yake. Ubora wa ripu, unene wa nondo, kama choo kina shimo au kina mlango tu, hayo yamo kwenye kurasa za ndani za taarifa, kwenye hoja moja moja, ambazo wachache wanazisoma. Wenyeviti, ombeni kurasa hizo. Zipo kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi kwa Kiswahili, na mtoto wa kidato cha nne mwenye simu anaweza kuwatafutia jina la halmashauri yenu ndani yake.

Kuna watu watasema ukaguzi wote huo haujawahi kuzaa kitu. Mimi siamini hivyo. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, taarifa za CAG zilionesha mwaka baada ya mwaka vikundi hewa na marejesho yasiyorudi. Wabunge wakaipigia kelele, na Aprili 2023 Serikali ikasitisha utoaji wake mpaka utaratibu upangwe upya. Ilirudi mwaka 2024. Wapo akina mama waaminifu walioumia katika kusitishwa huko, nawajua kwa majina, na machungu yao ni ya haki. Lakini imethibitika kwamba kitabu cha ukaguzi kikisomwa kwa sauti, Serikali inasikia.

Sasa nije kwenye makazi, na hapa mniruhusu nikae kidogo.

Jiji la Mbeya lilikuwa na watu 385,279 katika sensa ya 2012. Sensa ya 2022 ilituhesabu 541,603. Ni ongezeko la watu zaidi ya 156,000 ndani ya miaka kumi, na mji wetu umebanwa na milima. Watu hawa wamelala wapi? Wamepanda Loleza, wameshuka mabondeni, wamekata vipande vya mashamba ya mahindi na viazi, wakauziana kwa hatua za miguu mbele ya balozi wa nyumba kumi na mashahidi wawili. Mimi ni mmoja wao. Kiwanja changu nilikinunua kwa karatasi ya daftari la shule.

Haikuwa hivi siku zote. Katika miaka ya 1970 Mbeya ilikuwa miongoni mwa miji mitatu ya kwanza nchini, pamoja na Dar es Salaam na Mwanza, kuingizwa katika mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mwanjelwa ilikuwa sehemu ya mpango huo. Watu hawakubomolewa. Njia zilichorwa katikati ya nyumba zilizokuwepo, maji yakaletwa, mitaro ikachimbwa, na wengine wakapewa viwanja vipya vilivyopimwa kabla hawajajenga. Baba yangu alipata kiwanja. Nakumbuka alivyotupeleka Jumapili kuona mawe ya mipaka, manne, akatukataza kuyakalia. Tulikuwa watoto, tukaona ni ukali wa bure. Kupima kwanza, kujenga baadaye: wazee wetu waliufanya utaratibu huo katika nchi maskini kuliko ilivyo leo, na sisi tumekuja kuugeuza.

Ulipokuja urasimishaji, yaani kupima na kutoa hati kwa makazi yaliyokwisha kujengwa, mtaani kwetu tuliupokea kama mvua. Mwenyekiti aliitisha mkutano, tukaambiwa kampuni ya upangaji na upimaji imepatikana, kila mwenye kiwanja atoe shilingi 150,000, na ndani ya mwaka hati zitatoka. Tulichagua kamati. Vijana wa kampuni walikuja na vifaa vyao, wakapanda mawe, wakachora, wakatuonesha mchoro mkubwa ukutani wenye rangi. Bibi mmoja jirani yangu aliuza mbuzi wawili na debe la maharage ili apate ile 150,000. Tuliposikia kwamba mchoro umepelekwa mkoani kuidhinishwa tukanyamaza kwa furaha. Kisha simu za kampuni zikaanza kutopatikana. Kiongozi wa kamati akahamia wilaya nyingine. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Bibi yule amefariki, mawe yako kwenye kona za shamba lake, na wanawe wanagombana kwa sababu hakuna karatasi inayosema mpaka unapita wapi.

Kama mhasibu, nilifanya nilichojua kufanya. Nilikwenda kuuliza pesa ile imeingizwa wapi kwenye vitabu vya halmashauri. Nikaoneshwa vitabu kwa ukarimu, kwa sababu waliokuwa dirishani niliwafundisha kazi mimi mwenyewe. Haikuwamo. Ilikwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kampuni. Risiti yangu ilikuwa ya kitabu cha kununua dukani, imeandikwa kwa kalamu. Haikuwa na namba ya malipo ya Serikali, ile ya tarakimu 12 inayoanza na 99.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye shimo. Kila nyumba 100 zilizolipa ni milioni 15. Ni fedha za umma kwa maana ya kawaida ya maneno, kwa sababu zimetolewa na umma, kwa wito wa kiongozi wa umma, kwa kazi ambayo Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 imeiweka chini ya mamlaka ya umma. Lakini hazikupita katika mfuko wa halmashauri. Mkaguzi anapofungua vitabu hazioni. Asichokiona mkaguzi hakiingii kwenye taarifa, na kisichoingia kwenye taarifa kamati ya Bunge haiwezi kumwita mtu akijibu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pesa yetu ya hati ilipotea hivyo hivyo, mchana kweupe, mbele ya mkutano halali wenye akidi.

Upande wa Serikali nako kuna fedha za kufuatilia. Katika mwaka wa fedha 2021/22 zilitengwa shilingi bilioni 50, mkopo usio na riba kwa halmashauri, kwa ajili ya kupanga, kupima na kumilikisha ardhi, mnaujua kwa jina la KKK. Wazo lake ni zuri: halmashauri inakopa, inalipa fidia na kupima viwanja, inaviuza, inarudisha mkopo ili halmashauri nyingine nayo ikope. Marejesho yamekuwa mzozo mpaka bungeni. Swali ninalotaka kila diwani wa mikoa yetu aulize kwenye Kamati ya Fedha ni jepesi: je, sisi tulikopa? Kama tulikopa, viwanja vingapi vimepimwa, vimeuzwa kwa nani, na deni limebaki kiasi gani? Kama hatukukopa, tulishindwa sharti lipi? Majibu yawe kwenye muhtasari. Deni la halmashauri halina sura ya mtu, lakini linalipwa kwa ushuru wa sokoni. Watu wa Mwanjelwa hawahitaji kufundishwa hilo. Soko lao liliungua mwaka 2006, likajengwa upya kwa mkopo wa benki, na machinga waliokuwa na meza pale kabla ya moto wanajua gharama ya jengo lisilofuatiliwa tangu msingi.

Na kupima ardhi si urembo wa ramani. Aprili 2024 mlima ulishuka Itezi. Tope lilifukia nyumba, likafukia mifugo na shule, na watu waliondoka na nguo walizovaa. Nilikwenda kesho yake na wenzangu wa kanisani tukiwa na mablanketi. Nilimkuta baba mmoja anaonesha kwa kidole mahali palipokuwa sebule yake, hapana alama yoyote, ni udongo mwekundu umelala kama shamba lililolimwa. Mchoro wa mipango miji unapochorwa kwa wakati unasema mteremko huu ni wa miti, bonde hili ni la maji, hapa mtu asijenge. Unapochelewa, mlima ndio unaosema. Mwezi ule ule taarifa ya CAG ilikuwa inawekwa mezani Dodoma. Sikusikia mtu akiunganisha mambo hayo mawili, na nilitamani sana kusikia.

Nyumba za watumishi nizitaje kwa ufupi. Mwaka 2002 Serikali ilianza kuuza nyumba zake nyingi, na tangu hapo mwalimu na muuguzi anayepangiwa milimani, Kilolo au Makete, anategemea nyumba inayojengwa na wananchi hadi boma, kisha halmashauri imalizie. Maboma hayo yamejaa vijijini, mengine yameota miti ndani. Fedha zinazotumwa huwa ni kiwango kimoja kwa kila mahali. Jengo lililo karibu na kiwanda cha saruji cha Songwe na jengo la kijiji ambacho gari linafika kiangazi tu yanapewa bei moja. Ninawaomba wabunge wetu walisemee hilo, kwa sababu linamlazimisha mtu mwaminifu kule juu kupunguza nondo, na linamwachia asiye mwaminifu huku chini chenji ya kutia mfukoni.

Basi tufanye nini, sisi tulio hapa? Mimi nimekuja na maombi machache.

Mkutano mkuu wa mtaa au kijiji usikilize taarifa ya mapato na matumizi kila robo mwaka, na ikisomwa haraka haraka mwombe irudiwe taratibu. Mradi ukija, mtaa uwe na daftari lake, tofauti na la fundi. Andikeni mifuko iliyoshushwa, tarehe, namba ya gari, jina la aliyepokea. Mabati yaandikwe geji yake. Pigeni picha jengo kutoka mahali pamoja kila wiki, na kitu kisichohama kiwemo kwenye picha, mti au jiwe. Mnajua kwa nini nasema mti. Jengo likisimama, andikeni barua kwa mtendaji wa kata, nakala kwa mkurugenzi, nakala kwa mkaguzi wa ndani, nakala kwa ofisi ya mbunge, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua hiyo ikiwa na tarehe ya mwaka ule ule wa fedha, mkaguzi wa CAG akifika mezani anaikuta. Ikiandikwa baada ya miaka miwili inakuwa malalamiko tu.

Mkinyimwa taarifa, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Inampa mwananchi haki ya kuomba kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30. Niliwahi kupokea maombi ya aina hiyo mara mbili tu katika miaka yangu ya mwisho kazini. Mara mbili hizo ofisi nzima ilikaa sawa.

Na kwa wabunge wetu ninalo ombi moja kubwa. Fedha zote wanazochangishwa wananchi kwa ajili ya kupimiwa na kupewa hati zipite kwenye namba ya malipo ya Serikali, zikae kwenye akaunti ya amana ya halmashauri, na kampuni ilipwe kwa hatua: mchoro ukiidhinishwa ilipwe, ramani ikiidhinishwa ilipwe, hati zikitoka imaliziwe. Zikipita huko CAG ataziona. CAG akiziona, LAAC itamwita mkurugenzi, na mkurugenzi atalazimika kuitafuta kampuni. Hii haihitaji fedha mpya. Inahitaji swali liulizwe bungeni na mtu ambaye ana ushahidi mkononi, na ushahidi huo hauko Dodoma. Uko kwenye makabati yenu, chini ya godoro, ndani ya Biblia na Kurani, kwenye mikoba ya marehemu.

Kuna mzee aliniambia mlangoni, nilipokuwa naingia, kwamba risiti yake panya wameitafuna kona. Mzee wangu, iliyobaki inatosha ikiwa tarehe na kiasi vinasomeka. Nimekuja na daftari kubwa, kalamu mbili, na kijana wangu huyu ana simu yenye kamera nzuri. Tutaandika jina la mtaa, tarehe ya malipo, kiasi, jina lililo kwenye risiti, na kama ina namba ya Serikali au haina. Kila mmoja ataondoka na risiti yake, hatuchukui karatasi ya mtu. Mheshimiwa Diwani amekubali kuipokea orodha hiyo na kuiwasilisha kwenye kikao kijacho cha Baraza, na ameniahidi mbele yenu kwamba nakala itakwenda kwa mbunge kabla kamati za Bunge hazijakaa.

Ndaga fijo kwa kunisikiliza. Akina mama wenye watoto waanze, tupange mstari kutokea dirisha lile.